Mpaka wa Shamba Hauko Kwenye Taito

Majirani wawili wa Murang'a au Kisii wakianza kugombania futi sita za ardhi, jambo la kwanza ni kila mmoja kuchomoa taito yake, yaani hati ya kumiliki ardhi. Zote mbili ni halali, zote zina muhuri, na hakuna hata moja inayoweza kumaliza ugomvi. Chukua taito ya shamba uisome polepole. Utakuta jina la eneo la usajili, namba ya kipande, namba ya karatasi ya ramani, na ukubwa kwa hekta, nao umeandikwa kuwa ni wa takriban. Hakuna urefu wa upande hata mmoja. Hakuna habari ya jiwe, mti wala mtaro. Taito inasema kipande fulani ni cha nani. Haisemi kinaishia wapi.

Sheria yenyewe inakiri hivyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinasema kwamba ramani huonyesha mipaka na mahali kipande kilipo kwa makadirio tu, isipokuwa pale rejista inapotaja kwamba mipaka hiyo imewekwa rasmi kwa vipimo. Mashamba mengi ya mashambani yako katika hali hiyo ya makadirio. Kwa lugha ya wapima ardhi, hiyo ni mipaka ya jumla. Mwenye shamba anayejua neno hilo ameshajiokoa na nusu ya gharama, maana atajua ni ofisi gani ya kubisha hodi na ni karatasi gani za kuacha kuzilipia.

Ramani ilivyochorwa

Mpango wa Swynnerton, mpango wa serikali ya kikoloni wa kubadilisha kilimo na umiliki wa ardhi, ulipoanza mwaka 1954, vipande vilivyotawanyika vya familia za Kiambu, Murang'a na Nyeri vilikusanywa, na kila mwenye ardhi akapewa shamba moja. Kupima kila upande kwa vyombo kungechukua miaka mingi na fedha nyingi. Njia iliyotumika ilikuwa rahisi zaidi: wenye mashamba walitakiwa kupanda ua kwenye mipaka, ndege ikapita juu na kupiga picha, picha zikakuzwa, kisha mistari ya nyua ikanakiliwa kwenye karatasi. Pale ambapo ua ulikuwa bado mchanga usionekane kutoka angani, mstari ulijazwa kwa vipimo vya haraka vya ardhini. Karatasi hizo ndizo zilizozaa ramani ya usajili ambayo soroveya yeyote wa kaunti huiita RIM.

Angalia mpangilio wa mambo hapo. Ua ulitangulia, ramani ikafuata. Ramani ni picha ya ua, tena picha yenye kasoro zinazojulikana. Picha ya angani ambayo haijasahihishwa hukuza kilicho karibu na kamera na kudunisha kilicho mbali, kwa hiyo shamba lililo mgongoni mwa kilima huonekana kubwa kuliko lenzake lililo bondeni, hata yakiwa sawa. Kwa nchi ya matuta kama Murang'a, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna unene wa kalamu. Ramani nyingi za aina hii zina kipimo cha 1:2,500, yaani milimita moja kwenye karatasi ni mita 2.5 shambani. Mstari wa nusu milimita peke yake unafunika mita 1.25, karibu futi nne. Ramani ikiwa ya 1:5,000, mstari huohuo unafunika mita 2.5, yaani futi nane na ushei. Basi wale majirani wetu wa futi sita wanaweza kuwa wanapigania kitu ambacho chote kimo ndani ya wino. Soroveya anayekuja na ramani hiyo, akaweka rula juu yake, akatangaza kwamba mpaka uko sentimita 40 ndani ya mahindi yako, anakuuzia usahihi ambao karatasi yake haina.

Ukubwa ulioandikwa kwenye taito nao ulipimwa juu ya ramani hiyohiyo. Shamba la ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Likiwa na urefu wa mita 101 na upana wa mita 40, kosa la mita 1.25 upande mmoja tu linaleta tofauti ya mita za mraba 126, kama asilimia tatu ya shamba. Mtu akipima kwa kamba akakuta "ardhi imepungua", huenda hakuna jirani aliyemeza chochote.

Kamba yenyewe ina ujanja wake. Ramani hupima umbali wa mlalo, kana kwamba nchi imelazwa tambarare. Kamba ya mkulima hufuata mteremko. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 100 za kamba ni mita 94 tu za ramani. Anayepima hivyo hupata urefu mkubwa kuliko ule wa ramani na kudhani amevuka kwa jirani, na mwingine huhesabu mita 94 kwa kamba iliyolala mteremkoni, akasimama kabla hajafika mpakani. Wapima ardhi huishika kamba ikiwa mlalo, kwa vipande vifupi vifupi, au hutumia chombo kinachokokotoa mteremko chenyewe.

Kuna mipaka ya aina nyingine

Sehemu kubwa ya viwanja vya Nairobi na Mombasa, pamoja na mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi, vilisajiliwa kwa njia tofauti. Kila pembe ina bikoni, mara nyingi chuma kilichosimikwa ndani ya zege, na kila bikoni ina vipimo vyake vilivyohifadhiwa katika ramani ya upimaji. Huko mpaka ni hesabu. Bikoni ikipotea, soroveya mwenye leseni huchukua data kutoka Idara ya Upimaji, iliyoko Ruaraka, Nairobi, hutafuta bikoni jirani ambazo hazijaguswa, kisha huirudisha ile iliyopotea mahali pake. Hatakiwi kuanzia bikoni moja. Hukagua umbali kati ya mbili tatu kwanza, kwa sababu ile inayoonekana wazi kando ya barabara huenda imeng'olewa na tingatinga na kurudishwa na msamaria mwema.

Kosa la siku hizi ni la simu. Mtu anapata nakala ya ramani ya upimaji, anasoma namba za bikoni, anaziingiza kwenye programu ya simu, na anajikuta amesimama katika shamba la mtu wa tatu. Namba za zamani zilikokotolewa kwa mifumo ya zamani ya kutaja mahali, Cassini au Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo wa dunia nzima wa WGS84. Tofauti yake inaweza kuwa mamia ya mita. Na hata namba zikibadilishwa sawasawa, simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Inafaa kukuonyesha njia ya kwenda shambani. Haifai kuonyesha mwisho wa shamba.

Turudi kwenye mipaka ya jumla, maana ndiko ugomvi ulikojaa.

Nani anaamua

Watu wengi bado hupeleka kesi ya mpaka kwa chifu au kwa baraza la wazee wakitarajia hukumu. Zamani kulikuwa na msingi wa kisheria: Sheria ya Mabaraza ya Migogoro ya Ardhi ya 1990 iliwapa wazee mamlaka ya kuamua mipaka. Ilifutwa mwaka 2011, pale Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoundwa. Tangu hapo wazee wanaweza kupatanisha, na Katiba ya 2010 inahimiza upatanisho wa aina hiyo, lakini "uamuzi" wao haubadilishi rejista na haumfungi jirani asiyekubali.

Wengine hukimbilia mahakamani. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kifungu hichohicho cha 18 kinaikataza mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, na anayeamua ni Msajili wa Ardhi, akisaidiwa na mpima ardhi wa serikali. Mawakili wengine huivika kesi joho la uvamizi, wakaomba amri ya kuzuia na fidia. Mahakama huangalia kiini chake. Swali likiwa "mstari uko wapi?", kesi inaweza kutupwa baada ya miaka, na mlalamikaji akaambiwa arudi mahali alipopaswa kuanzia. Swali likiwa tofauti, kwa mfano taito mbili za kipande kimoja, taito ya kughushi, au mtu aliyekalia shamba zima, hapo ni mahakama, na Msajili hana uwezo wa kulimaliza.

Mahali ambapo ardhi bado iko katika ugawaji na upimaji wa kwanza, taito hazijatoka, njia ni nyingine kabisa: pingamizi hupelekwa kwa afisa wa ugawaji ardhi ndani ya siku 60 tangu tangazo kwamba rejista iko tayari kukaguliwa. Siku hizo zikipita, kulirekebisha jambo huwa kazi ngumu sana.

Kabla ya kuandika barua

Fanya sachi rasmi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, ya kipande chako na cha jirani. Ofisi za Nairobi na baadhi ya kaunti ziko kwenye mfumo wa Ardhisasa, ulioanza mwaka 2021. Kwingine bado unakwenda kwenye rejista ya kaunti. Sachi itakuonyesha kama aliye mpakani ndiye mwenye taito. Mara nyingi siye: taito ingali kwa jina la babu aliyefariki, na anayegombana nawe ni mjukuu asiye na barua za usimamizi wa mirathi. Wito ukitumwa kwa mtu asiye sahihi, uamuzi wote unaweza kupingwa baadaye.

Nunua nakala ya karatasi ya RIM inayohusika. Kisha uliza kama kipande chako au cha jirani kiliwahi kugawanywa, na kama ndivyo, omba nakala ya fomu ya mutesheni. Hii ndiyo karatasi ambayo watu huisahau, ilhali mara nyingi ina utajiri kuliko ramani yenyewe. Mutesheni huonyesha jinsi kipande mama kilivyokatwa, na ikifanywa vizuri huwa na urefu wa pande kwa mita. Ikifanywa ovyo, huwa ni mchoro uliofanyiwa mezani: soroveya hakufika shambani, bikoni hazikuwekwa, na ukubwa wa vipande vyote ukijumlishwa haufiki au unapita ukubwa wa kipande mama. Jumlisha mwenyewe. Ni hesabu ya dakika mbili, na ikikataa kuoana, chanzo cha ugomvi umekiona.

Katika viwanja vidogo vya pembezoni mwa miji, hesabu hiyo huanza kuharibika siku ya kuuziana. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kama "eighth", yaani moja ya nane ya ekari. Moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445. 50 kwa 100 ni 5,000. Mnunuzi aliyeahidiwa la kwanza akapewa la pili atatafuta zile futi za mraba 445 mahali, na mara nyingi huzitafuta kwa jirani.

Piga picha za mpaka ulivyo leo: ua, mashina ya miti ya zamani, mtaro, njia ya miguu, kaburi lililo karibu. Andika majina ya watu wazima waliokuwapo ua ulipopandwa. Katika nchi ya Wagikuyu, matoka, mimea ya maua iliyopandwa mpakani, bado yanaheshimiwa, na mzee anayekumbuka safu yake ana thamani kuliko soroveya watatu wa kukodi.

Kuhusu soroveya wa kukodi: mlipe akusaidie kuelewa karatasi na kukaa nawe siku ya kupima. Usimlipe aje peke yake, jirani akiwa kazini, apigilie vyuma vya "kurudisha bikoni" kwenye shamba la mipaka ya jumla. Vyuma hivyo havina nguvu kisheria, na jirani akivikuta jioni, ugomvi wa futi sita unageuka kuwa wa mapanga.

Siku ya kupima

Maombi huandikwa kwa Msajili wa Ardhi wa eneo lako, yakitaja namba za vipande vyote vinavyogusa mpaka, majina ya wenyewe, na ubishi wenyewe kwa maneno machache: upande upi, kutoka wapi hadi wapi. Ambatisha nakala ya taito, sachi na ramani. Ada hulipwa kwa serikali na hupewa risiti. Ukiombwa "nauli ya soroveya" mkononi, omba iandikwe kwenye risiti uone kama ombi litadumu. Msajili hutoa wito wenye tarehe na saa, na kwa kawaida hupitia kwa chifu ili uwafikie wote. Hakikisha wito umemfikia jirani kweli, na uweke ushahidi wake. Uamuzi uliofanyika bila upande mmoja kuitwa ni rahisi sana kuangushwa.

Shambani, utaratibu mzuri huwa hivi. Msajili husikiliza pande zote, pamoja na wazee na majirani wa pande nyingine. Mpima ardhi haanzi na sehemu yenye ugomvi. Huanza na alama ambazo kila mtu anazikubali na ambazo zinaonekana pia kwenye ramani: makutano ya barabara, pembe ya shule, kona ambapo mashamba matatu yanakutana. Kutoka hapo hupima kuelekea mahali pa ubishi, kutoka pande mbili ikiwezekana, ili makosa yajitokeze. Pengo likibaki, huangalia kama linatokana na unene wa ramani. Hapo ua wa zamani, mashina na ushahidi wa wazee hupewa uzito, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu ramani ilichorwa kwa kufuata ua.

Ua wa kayaba una tabia ya kutembea. Upande mmoja ukikatwa kila mwaka na mwingine ukiachwa, baada ya miaka ishirini kichaka kizima kimehamia kwa asiyekata. Ndiyo maana mpimaji mwenye uzoefu haangalii matawi. Huomba panga, huinama, na kutafuta safu ya mashina ya kwanza, yaliyo manene kuliko mengine. Mstari ni huo wa mashina.

Mambo yanayoharibu siku hii ni yaleyale: Msajili amekuja bila mpima ardhi, au mpima ardhi bila Msajili; alama zimewekwa lakini hakuna aliyeandika zilipo; mtu ametia sahihi karatasi tupu ya mahudhurio ambayo baadaye inaitwa makubaliano. Usiondoke bila kujua ripoti itatoka lini, na uifuate. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na sasa mahakama itasikiliza, lakini muda wa kukata rufaa huhesabiwa kuanzia siku unapoarifiwa, kwa hiyo wakili atafutwe wiki hiyohiyo.

Mkitaka kuondokana na makadirio kabisa, kifungu cha 19 kinaruhusu mpaka uwekwe rasmi: majirani wote huarifiwa, hupimwa kwa usahihi, ramani huwekwa kwenye faili na rejista huandikwa kwamba mipaka imewekwa. Ni ghali kuliko uamuzi wa kawaida. Kwa kiwanja cha mjini kinachotaka kujengwa ukuta wa mawe, naona inafaa. Kwa shamba la majani chai lenye ua wa miaka sitini, sidhani.

Mkielewana wenyewe

Kuna makubaliano ya aina mbili, na kuyachanganya ni hatari. Kukubaliana kwamba mpaka uliokuwapo siku zote ni huu ni kuutambua tu. Kukubaliana kwamba "wewe chukua mita tatu hapa kwa sababu nyumba yako imeshaingia, nilipe laki mbili" ni kuuza ardhi. Shamba la kilimo likiuzwa, hata kipande cha mita tatu, sheria inataka kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila kibali, mapatano hayo ni batili. Baada ya kibali huja mutesheni, uhamisho na taito mpya. Karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya chifu haitoshi, na watoto wa aliyeuza wataitupa siku ya mirathi.

Kunyamaza pia kuna matokeo. Mtu akikaa kwenye sehemu ya shamba lako waziwazi, bila ruhusa yako na bila kukatizwa kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imtangaze mwenye haki nayo. Lazima sehemu hiyo iweze kutambulika kwa uhakika, na matumizi ya kirafiki, kwa ruhusa, hayahesabiki. Ukimruhusu jirani kulima pembe yako, basi andika ruhusa hiyo, hata kwa mistari miwili.

Kung'oa alama ni kosa la jinai: kifungu cha 21 kinataja kifungo kisichozidi miaka miwili au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Jirani akianza kung'oa ua leo asubuhi, piga picha, mwite chifu, andikisha ripoti polisi na umwandikie Msajili siku hiyohiyo. Usiupande tena usiku.

Mpaka ukishaamuliwa, pandeni alama ambayo haitahama. Mkaratusi haufai, mizizi na kivuli chake vitaanzisha kesi ya pili. Kayaba ni nzuri ikipandwa kwenye uzi ulionyooka kutoka alama hadi alama, na ikikatwa pande zote mbili msimu mmoja. Msajili ana mamlaka ya kuagiza nani atunze upande upi. Ombeni jambo hilo liandikwe kwenye ripoti akiwa bado shambani.